Utafiti wa mkuu wa shule: tuupime namna gani?

Tangu mkataba wa 1977 kati ya Serikali na makanisa, shule nyingi za Serikali katika inchi yetu zinasimamiwa na makanisa. Kwa hiyo ripoti ya direkta au ya prefe inapofika mbele ya wazazi au kwa mratibu wa shule, si karatasi ya walimu peke yao. Inatuhusu sisi pia.

Siku hizi wakuu wa shule wanaombwa kufanya utafiti-tendo, ule ambao kwa Kifaransa unaitwa recherche-action. Ni uchunguzi ambao mtu anaufanya juu ya kazi yake mwenyewe ili aibadilishe: anatazama shida, anapanga hatua, anatenda, anapima matokeo, kisha anaanza tena. Mwanasaikolojia Kurt Lewin aliandika juu ya njia hiyo katika 1946, na Stephen Corey akaieneza katika shule za Marekani kwa kitabu chake cha 1953.

Ni utafiti wa namna gani unaostahili kuaminiwa? Wataalamu wawili wa Marekani, Gary Anderson na Kathryn Herr, walitoa vipimo vitano katika 1999. Tuvieleze kwa mfano. Tuseme direkta anaona kwamba kila siku ya soko darasa la nne linabaki nusu tupu.

1. Matokeo. Je, shida imepungua, au sasa inaeleweka vizuri zaidi? Kuhesabu mikutano iliyofanyika hakutoshi. Tunahesabu watoto walioketi darasani siku ya soko, mbele ya hatua na nyuma yake.

2. Njia. Ukweli ulipatikana wapi? Kitabu cha mahudhurio kinaonyesha nani hayupo, hakisemi sababu. Direkta awaulize wazazi na watoto, aende sokoni ajionee. Huko pengine atakuta mwanafunzi wake amebeba mdogo wake mgongoni wakati mama anauza.

3. Sauti ya wote. Kwa wakuu wa shule, hapa ndipo pagumu kuliko pote, kwa sababu wanawauliza watu walio chini yao. Mwalimu anayepewa alama za kazi na direkta hatasema kwa urahisi kwamba direkta ndiye chanzo cha shida. Inafaa mtu mwingine akusanye majibu, bila majina. Na mama wa sokoni asikilizwe, si kusemewa tu.

4. Kugeuka kwa mtafiti. Kama alianza kwa kusema wazazi hawajali, na amemaliza akisema vilevile, tuwe na mashaka. Utafiti mzuri unamgusa kwanza yule anayeufanya.

5. Mazungumzo. Je, ripoti ilisomwa na mtu anayeweza kuipinga, kama vile inspekta au mkuu wa shule nyingine?

Tuongeze mambo mawili. Matokeo ya shule moja si sheria kwa shule zote. Yanatusaidia kama hali ya shule hiyo imeelezwa wazi, ili wengine waone kama inafanana na yao. Tena, hatua iliyoshindwa ikisemwa kwa ukweli haiharibu utafiti. Kinachouharibu ni kuificha. Ripoti inayopamba mambo inaweza kumpatia mkuu sifa, lakini yule mtoto anabaki sokoni na mdogo wake mgongoni, na hakuna anayemtafuta tena.

Nehemia alizunguka kuta za Yerusalemu usiku, akaona ubomofu kwa macho yake, ndipo akasema na watu. Nao wakajenga, baadhi yao mbele ya nyumba zao wenyewe. Tunapopokea ripoti ya mkuu wa shule, tuulize hayo: aliona mwenyewe? Alisema na watu? Ukuta umejengwa?