Uliza Betri Kwanza: Kamera Ndogo za Dijitali Mwembesongo

Kamera ndogo za dijitali zimerudi. Zile za mfukoni, zenye kamba ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono, ambazo juzi juzi tu ungezikuta kwenye droo pamoja na chaja zilizokufa na rimoti ya televisheni iliyouzwa. Leo vijana wanazitafuta kwa udi na uvumba, eti picha zake zina "mvuto wa zamani". Kwa kuwa mimi ni mwandishi wa habari, wanadhani najua, na wananiuliza swali lile lile: ninunue Canon au Sony? Yenye megapikseli ngapi?

Swali hilo lina historia, na sehemu ya historia hiyo iko Mwembesongo, kata ya Manispaa ya Morogoro, pale ambapo ukiinua macho unakutana na Uluguru na ukishuka kidogo unaangukia pilikapilika za Msamvu. Kati ya mwaka 2005 na 2013 hivi, kulikuwa na watu mtaani ambao kwao kuchagua kamera ndogo hakukuwa suala la mvuto. Ilikuwa ni ugali. Nawasema wapiga picha wa mtaani, wale wa kuitwa kwenye ubatizo, maulidi, sendofu, mwali anapotolewa nje, na mahafali ya shule. Walivyochagua wao, na walivyolazimika kuchagua, ndivyo vilivyoamua ni familia zipi leo zina albamu na zipi zimebaki na hadithi tu.

Kabla ya hapo ilikuwa filamu. Kamera maarufu mitaani ilikuwa Yashica, jiboksi jeusi la plastiki lenye flashi yake na betri mbili. Mkanda ulikuwa na picha 36, na kila mbonyezo ulikuwa pesa. Mpiga picha alibania, akawapanga watu, akasema "msicheke", akapiga mara moja. Kisha mkanda ulikwenda studio kusafishwa, na picha zikarudi kwenye bahasha pamoja na negativu. Hizo negativu nyingi tulizichezea utotoni, tukaangalia jua kupitia kwao, lakini zilikuwepo. Picha ikipotea au ikichanika, ungerudi kwa mpiga picha, akafukua boksi lake, akakusafishia nyingine. Shika neno hilo, negativu, tutalihitaji.

Dijitali ilianza mbali na sisi. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya kwanza ya aina hiyo: dude la kilo tatu na zaidi, lililotumia sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Mwaka 1995 Casio walitoa QV-10, yenye kioo cha nyuma cha kuonyesha picha hapo hapo. Mwaka 2000 Canon wakaleta Digital IXUS, yenye megapikseli 2.1, ndogo kiasi cha kuingia mfuko wa shati. Huku kwetu wengi tulianza kuielewa dijitali kupitia matunda yake. Mwaka 2005 Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti la Daily News, alianzisha blogu yake, na ghafla picha ya tukio la asubuhi ikawa inaonekana jioni kabla gazeti halijachapwa. Mtu wa Morogoro aliyekwenda intaneti kafe aliona jambo hilo, akajiuliza kwa nini picha ya harusi ya dada yake ichukue wiki mbili.

Basi kamera zikaja, na pamoja nazo maneno ya wauzaji. Neno kubwa lilikuwa megapikseli. Kamera ya 5 ilizidiwa na ya 7, ya 7 ikazidiwa na ya 10, na kwenye boksi namba iliandikwa kubwa kuliko jina la kamera.

Tupige hesabu, haina ugumu. Picha ya kawaida ya albamu ni inchi 4 kwa 6. Ili itoke safi, printa inataka nukta 300 kwa kila inchi. Hiyo ni nukta 1,200 kwa 1,800, jumla 2,160,000. Yaani megapikseli mbili na kidogo. Ile IXUS ya mwaka 2000 ilikuwa imefika, au imekaribia kabisa. Zilizoongezwa baada ya hapo, kwa mtu ambaye kazi yake ni picha za albamu, zilikuwa mzigo wa kujaza kadi. Tena sensa ya kamera hizi ilikuwa na upana wa milimita sita hivi, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Ukizibana nukta milioni 12 mahali padogo namna hiyo, kila nukta inapata mwanga kiduchu, na ukumbini usiku picha inatoka na chengachenga kama imenyunyiziwa mchanga. Wapiga picha waliokuwa wakienda studio kila wiki waliliona hilo kwenye karatasi, bila kusomewa hesabu na mtu.

Wao walikuwa na swali lao la kwanza: inatumia betri gani?

Kambi zilikuwa mbili. Kamera kama Sony Cyber-shot nyembamba za mfululizo wa W zilitumia betri maalumu ya lithiamu, yenye chaja yake. Nzuri, nyepesi, inadumu. Kambi ya pili ni Canon PowerShot za mfululizo wa A, Kodak EasyShare nyingi za bei ya chini, na Nikon Coolpix za mfululizo wa L: hizi zilitumia betri mbili za AA, zile zile za saa ya ukutani. Zilikuwa nene, na tumbo la betri lilitokeza upande wa mkono. Mwenye macho ya mjini angechagua Sony.

Lakini kumbuka miaka yenyewe. Mwaka 2006 ukame ulishusha maji ya mabwawa, na nchi ikaingia kwenye mgawo wa umeme uliozaa sakata la Richmond, hadi Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu Februari 2008. Mwaka 2011 mgawo ukarudi kwa nguvu. Mkoa wa Morogoro ndio wenye Kidatu, megawati 204, na Kihansi, megawati 180, lakini kuwa jirani wa bwawa hakukuzuii kukaa gizani. Sasa fikiria una sendofu Jumamosi jioni na umeme umekatika tangu asubuhi. Betri ya lithiamu ikikata roho katikati ya keki, kazi imeisha, na hapo mtaani huipati nyingine. Mwenye Canon nene anamtuma mtoto dukani kwa Mangi, betri mbili zinakuja, keki inaendelea kukatwa.

Hata hapo palikuwa na ujuzi wake. Betri za bei ya chini kabisa, zile za tochi na redio, hazikuweza kusukuma flashi na lensi inayotoka na kuingia. Unapiga picha chache, kamera inazima. Ilibidi uwe na alkalini, au seti mbili za AA za kuchaji, moja kazini na nyingine nyumbani ikisubiri umeme urudi. Hilo halikuandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa.

Swali la pili lilikuwa kadi. Sony walikuwa na Memory Stick yao. Olympus na Fujifilm walikuwa na xD yao, iliyotoka mwaka 2002. Canon, Kodak na Nikon hizi za mtaani zilitumia SD. Kwenye karatasi zote ni memori kadi, lakini studio ya kusafisha picha ilitazama kadi yako, ikatazama mashine yake ya kusomea, na kama tundu halikulingana ulirudi nyumbani kutafuta waya. SD ilishinda polepole, hadi mwaka 2010 Sony wenyewe walipoanza kuikubali kwenye kamera zao. Xd ikafa. Leo mtu akikuuzia Olympus ya mwaka 2006 kwa bei ya kutupa, muulize kwanza kadi utaipata wapi.

La tatu lilikuwa giza na rangi ya ngozi zetu. Kwa miongo mingi kadi za Kodak za kupimia rangi maabara zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, na kilichomfaa yeye ndicho kilichoitwa sahihi. Bibi harusi mweusi ndani ya shela nyeupe alikuwa mtihani: ama shela iungue, ama uso upotee. Kamera ndogo haikuumaliza mtihani huo. Flashi yake ilifika mita tatu hivi, na aliyekaa nyuma ya hapo alibaki macho na meno. Lakini ile kioo ya nyuma ilileta haki ndogo: uliona uso umepotea, ukasema "turudie", ukasogea hatua moja. Na watu wakaanza kucheka kwenye picha. Angalia albamu za Morogoro za kabla na baada, utaona. Kwenye filamu tumesimama kama tunapokea hukumu. Kwenye dijitali tunacheka, kwa sababu kucheka vibaya kunafutika.

Kufutika. Hapo ndipo penye kidonda.

Kadi ya MB 256, kwa kamera ya megapikseli 5, ilibeba picha mia moja hivi. Mpiga picha mwenye kadi moja na harusi mbili kwa wiki hakuwa na namna: akishawasafishia waliolipa, alifuta kadi ili aingize harusi inayofuata. Wachache walikuwa na kompyuta, na kompyuta za wakati ule zilikufa kwa virusi na kwa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Negativu ilikuwa inabaki hata kama mteja hakulipa. Picha ya dijitali ambayo haikulipiwa haikuwa na mahali pa kubaki.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2007. Mpiga picha alikuja na kakamera kadogo ka fedha, akatupiga sana, tukaona nyuso zetu kwenye kioo, tukashangilia. Waliokuwa na hela siku ile walipata picha. Sisi wengine tulijipanga kulipa mwezi ujao, na mwezi ujao kadi ilikuwa na harusi ya watu wengine. Mmoja wa rafiki zangu wa pale alifariki miaka michache baadaye. Msibani ndugu zake walitafuta picha yake nyumba nzima. Ya utotoni ilikuwepo, ya filamu, amesimama mbele ya pazia la studio. Ya ukubwani waliikuta ya paspoti saizi kwenye cheti, wakaikuza mpaka uso ukawa ukungu.

Linganisha. Walther Dobbertin, Mjerumani, alipiga picha katika koloni hili miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Picha zake zipo kwenye hifadhi ya taifa ya Ujerumani, na Desemba 2008 hifadhi hiyo iliweka maelfu ya picha zake, za Dobbertin zikiwemo, kwenye Wikimedia Commons, bure kwa kila mtu. Zanzibar, Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 bado ina picha za mji wa enzi za sultani. Kwa hiyo mwezi ule ule wa Desemba 2008 ambapo mababu zetu wa zama za Mjerumani waliingia kwenye intaneti, harusi ya Mwembesongo ilikuwa inafutwa kwenye kadi. Ni rahisi leo kumwona askari wa mwaka 1910 kuliko mwali aliyetolewa nje mwaka 2008.

Hata zilizobaki zinadanganya. Ile tarehe ya rangi ya machungwa pembeni ya picha usiiamini. Kamera nyingi zikikaa bila betri muda mrefu zilisahau siku, zikarudi tarehe ya kiwandani, na mwenye nayo hakuhangaika kurekebisha. Nimeona harusi ya baada ya uchaguzi wa 2010 imeandikwa Januari mosi 2007. Atakayeandika historia ya mtaa huu aamini kanga zilizovaliwa kuliko tarehe.

Mwaka 2010 viwanda viliuza zaidi ya kamera milioni 120 za dijitali duniani, nyingi zikiwa hizi ndogo. Januari 2012 Kodak, waliozaa dijitali, waliomba kinga ya mufilisi. Mwaka 2020 kamera zote zilizouzwa hazikufika milioni 10. Simu ilikuwa imeshinda, na wapiga picha wa Mwembesongo wengine wakahamia video, wengine bodaboda.

Sasa turudi kwa kijana na swali lake. Canon au Sony, chukua unayoipata nzima. Uiwashe mbele ya muuzaji, lensi itoke na kuingia mara kumi bila kukwaruza, maana vumbi ndilo lililoua nyingi. Angalia kama betri yake bado inauzwa, na kama ni AA, una bahati. Hakikisha inakula SD. Megapikseli 5 zinakutosha, na mwenye kukuambia 14 ni bora anakuuzia namba.

Na kabla hujalipa, toa kwenye bajeti yako hela ya kusafisha picha 20, uiweke mfuko mwingine. Studio za Morogoro bado zipo. Mpige mama yako, mpige na jirani ambaye hajakuomba, uwape karatasi. Nyuma ya kila moja andika jina na tarehe kwa kalamu ya wino. Usiiachie kamera.