A 141: tunamlaumu nani?

Matokeo ya KCSE 2016 bado yanaletwa kwa mijadala: A 141 tu nchi nzima, na yakatoka Desemba, mapema kuliko tulivyozoea. "Walisahihisha mbio mbio!" Kwangu mbio si hoja kubwa.

Kwa hesabu, mtahini haangalii jibu la mwisho pekee. Njia ina alama zake, jibu lina zake. Umekosea kujumlisha lakini njia iko sawa? Za njia unapewa. Mwongozo ni ule ule, karatasi iwe ya Westlands ama Turkana.

Lakini alama si gredi. A inaanzia wapi? Enzi za ukoloni hilo liliamuliwa Cambridge, Uingereza. KNEC ilikuja 1980. Sasa mbona kelele zote anapigiwa mwalimu mwenye kalamu nyekundu?