Dawa za Kudumu katika Mfumo wa Tiba za Muda

Mgonjwa wa kisukari au presha anaporudi kliniki na vipimo vibaya, mara nyingi maelezo huwa mafupi: hatumii dawa ipasavyo. Maelezo hayo hufunga mjadala mahali ambapo ulipaswa kuanza. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hata katika nchi tajiri ni takriban nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu yao sawasawa. Tatizo lililoenea kiasi hicho haliwezi kuwa uzembe wa mtu mmoja mmoja.

Hoja yangu ni kwamba, kwa Tanzania, mgonjwa wa kudumu ameingizwa katika huduma iliyoundwa kwa ajili ya magonjwa yanayokwisha. Kuhusu dawa, malaria ndiyo iliyotufundisha zaidi. Dozi ya mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku 3. Homa hushuka, na mtu huona mwilini mwake kwamba dawa imefanya kazi. Maliza dozi, utapona. Sasa mtu huyohuyo anaambiwa ana presha, naye haumwi popote. Anapewa amlodipini, na baada ya wiki kadhaa miguu inavimba. Mwingine anapewa metformini, tumbo linaharisha. Dawa inamletea adha asiyokuwa nayo, kwa ajili ya ugonjwa asiouhisi. Kwa yote aliyowahi kufundishwa, kuiacha ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu. Dakika chache za kumweleza kwamba adha hizo zinajulikana, na kwamba dozi au dawa yenyewe inaweza kubadilishwa, zingetosha kumrudisha. Lakini foleni ni ndefu na daktari ni mmoja.

Kisha kuna dirisha la dawa. "Mama, hii imeisha, kanunue nje." Dukani anapata dawa ileile ya kiwanda kingine, yenye rangi na jina tofauti. Mwezi unaofuata kituo kimepokea mzigo, anapewa tena. Nyumbani sasa ana bahasha mbili zilizoandikwa 1x1, na hakuna aliyemwambia kwamba ndani yake mna kitu kimoja. Akimeza zote mbili, presha inaweza kushuka kupita kiasi na kumwangusha. Mwenye fedha pungufu hununua vidonge vichache, akavibana mpaka kichwa kiume. Huyu hakosi elimu. Anajua vizuri anachopaswa kufanya, ila hana uwezo wa kukifanya.

Wengine hulaumu mila na imani, wakikumbusha mwaka 2011, maelfu walipofurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Mimi sioni ujinga hapo. Kikombe kimoja, mara moja, shilingi 500: walikuwa wakitafuta tiba yenye mwisho, ambayo hospitali haikuweza kuwaahidi.

Ushahidi mzito zaidi uko katika dawa za VVU. Hizo nazo ni dawa za maisha, na zinamezwa na watu walewale wa mijini na vijijini. Lakini dawa hizo hutolewa bure, mgonjwa ana kadi na tarehe, akikosa miadi hutafutwa, na mwenye hali nzuri hupewa za miezi kadhaa kwa mpigo. Wapo wanaoacha hata huko, lakini wengi mno wanaendelea mwaka baada ya mwaka. Mpangilio huo ulijengwa kwa sehemu kubwa na fedha za wafadhili, na wagonjwa wa presha na kisukari hawajapata kujengewa wa kwao unaolingana nao.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inaweza kumpunguzia mgonjwa gharama. Hata hivyo, bima hulipia dawa iliyopo. Haiwezi kuijaza rafu ambayo zahanati haikuiagizia kitu. Kwa hiyo wanaoitekeleza sheria hiyo waanze na maswali haya: zahanati ya kijijini iwe na dawa zipi za presha na kisukari wakati wote, impe mgonjwa aliyetulia za miezi mingapi, na ni nani atakayempigia simu siku asipotokea?