Pikipiki Kongwe Hufufuliwa

Orodha moja ya istilahi za ufundi, kazi ya kamati ambayo haitatajwa hapa, inaiita shughuli ya kuirudishia uhai pikipiki iliyolala miaka 30 au 40 "urejeshaji wa chombo cha moto cha magurudumu mawili katika hali ya awali". Ni maneno 12. Hakuna fundi atakayeyatamka akiwa na spana mkononi, na hakuna mteja atakayeyasikiliza hadi mwisho. Mwandishi wa makala haya alikwisha kupendekeza neno moja, ufufuaji, akajibiwa kwamba halina hadhi ya kitaaluma. Sababu ya kulikataa haikuandikwa. Makala haya yanaandika sababu za kulikubali.

Urefu si kosa kubwa la istilahi hiyo. Kosa limekaa kwenye neno la kichwani. Rejea limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kurudi, na Kiswahili kimeitunza maana hiyo kwa uaminifu: kitu kiliondoka mahali, sasa kinarudi kilikotoka. Mwanachama wa kikoba anajua kuwa marejesho ni fedha ya mkopo inayorudi kwenye sanduku. Dereva wa bodaboda wa mkataba naye anajua: hesabu ikimshinda, pikipiki hurejeshwa kwa mwenyewe. Mtamkie "urejeshaji wa pikipiki", ataelewa kuwa riziki yake imekwisha.

Mishamo, neno hilo lina uzito zaidi. Makazi hayo, yaliyo mkoani Katavi upande wa barabara itokayo Mpanda kuelekea Uvinza na Kigoma, yalianzishwa mwaka 1978 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na UNHCR walipoamua kulimaliza suala la wakimbizi hao, watu wa Mishamo, Katumba na Ulyankulu waliulizwa swali moja: kurejea Burundi au kuomba uraia? Takriban wanne katika kila watano waliomba uraia. Zaidi ya watu 162,000 walikubaliwa, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Makumi ya maelfu ya wengine walirejeshwa Burundi. Kwa mzee wa Mishamo, basi, urejeshaji ni malori, mizigo na ndugu walioagana. Kulichukua neno hilo na kulibandika kwenye Yamaha chakavu iliyoegemezwa nyuma ya nyumba yake ni kutomjali msemaji. Istilahi ya taifa haina budi kupimwa hadi huko, na kamati iliyoshindwa kufika huko haikumaliza kazi yake.

Tuje kwa fufua. Jozi ya fufua na fufuka inakwenda sambamba na fungua na funguka, zibua na zibuka, tegua na teguka. Hii ndiyo kauli ya kutendua, kauli ya Kibantu tangu asili, inayokipindua kitendo kilichokwisha kufanyika: kilichofungwa kinafunguliwa, kilichozibwa kinazibuliwa. Ndani ya fufua mwandishi anasikia -fu ya mfu, wafu na ufu, ndugu wa kitenzi kufa. Kinachotenduliwa hapo ni kifo chenyewe. Na gereji ndivyo zinavyosema kila siku: injini imekufa, betri imekufa, klachi imekufa. Ikiwa kifo cha injini kimekubaliwa na lugha nzima, ni kwa mantiki gani ufufuaji wake ukataliwe?

Msemaji wa Kirundi, kama yule mzee wa Mishamo, haoni ugeni wowote hapa. Lugha yake ina kuzuka kwa anayetoka wafu na kuzura kwa anayemtoa huko, jozi iliyojengwa kwa mtindo uleule. Pikipiki yenyewe kwake ni ipikipiki. Jina hilo limetokana na mlio wa injini, likavuka mipaka bila kikao chochote kuitishwa.

Pingamizi linalorudiwa sana ni la kidini: kwamba ufufuo ni wa Mungu, na hivyo haufai kupewa bati na oili. Pingamizi hilo linachanganya maneno mawili. Ufufuo hutaja tukio. Ufufuaji, kwa kiambishi chake -aji, hutaja mwenendo wa kazi, kama ushonaji na ufugaji. Tena lugha ya umma ilikwisha kuamua. Viongozi na magazeti wamesema kwa miaka mingi kufufua viwanda, kufufua ushirika, kufufua reli. Ndege mpya aina ya Bombardier Q400 zilipowasili mwaka 2016, nchi nzima ilizungumzia kufufuliwa kwa shirika la ndege la ATCL. Hakuna kanisa wala msikiti uliolalamika.

Wako pia watetezi wa ukarabati. Neno hilo ni zuri mahali pake, yaani kwenye zahanati, madarasa na madaraja, vitu vinavyochakaa huku vikitumika. Uhuishaji nao umeshachukuliwa na watengeneza katuni.

Kuhusu umri, kuukuu ni tusi na kale ni mbali mno. Kongwe ndilo linalofaa, kwa kuwa linabeba umri pamoja na heshima. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 huitwa klabu kongwe, na hakuna anayeelewa kuwa zimechakaa. Istilahi kamili ni ufufuaji wa pikipiki kongwe.

Orodha hiyohiyo inaita kufunga injini "usimikaji". Kinachosimikwa ni nguzo, mtambo au askofu. Injini ya pikipiki hushushwa kutoka kwenye fremu, hufunguliwa, husafishwa, kisha hufungwa. Funga na fungua, kitendo na kutenduliwa kwake, vimekaa pamoja juu ya benchi la fundi, na fufua inakaa nao kama ndugu wa ukoo mmoja. Mfumo huo umejengwa na mafundi wenyewe. Kazi ya kamati ilikuwa kuuandika tu.

Mpaka wa neno nao uwekwe wazi. Yamaha AG100, pikipiki ya shamba ya miaka ya 1970 yenye injini ya mipigo miwili ya sentimita za ujazo 97, imefufuliwa pale injini yake yenyewe inapowaka tena. Ringi zikae na midomo yake kwenye vipini vidogo vya pistoni, maana zikizunguka zitanasa kwenye matundu ya silinda na kuvunjika. Mshale wa juu ya pistoni uelekee ekzosi. Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 na ambayo injini nyingi za Kichina za bodaboda ni nakala zake, inadai alama za gia ya kamshafti na ya krenki zikutane, na tapeti zipimwe milimita 0.08 injini ikiwa baridi.

Lakini anayeitoa injini ya AG100 na kufunga ya Kichina ya sentimita za ujazo 150 amebadili injini, hajafufua. Atalazimika kutengeneza upya vishikizo vya injini, kulinganisha mstari wa cheni, na kuhamisha taa kutoka volti 6 hadi 12, la sivyo balbu zitaungua. Namba ya injini iliyo kwenye kadi ya usajili nayo haitalingana tena na iliyochongwa kwenye chuma, na jambo hilo lipelekwe kwa mamlaka ya mapato, TRA, kabla pikipiki haijauzwa.

Matumizi: kufufua pikipiki, pikipiki iliyofufuliwa, gharama za ufufuaji. Mfufuaji halihitajiki, fundi anatosha.