Wapuliza Makondere: Funzo la Ushirika kutoka Karagwe

Mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Wazee wetu hawakupuliza pembe kwa kujifurahisha tu. Pumzi iliyopita katika pembe, kibuyu au mwanzi iliwaita watu, ilitukuza utawala na iliwafunga wapulizaji katika umoja. Yafaa basi tuutazame umoja huo ulivyoendeshwa, na jinsi ulivyovunjika.

Rugu ni sehemu ya nchi ya kale ya Karagwe, iliyotawaliwa na ukoo wa Wahinda. Mwaka 1861 wasafiri wawili Waingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Mukama Rumanyika. Speke aliandika habari za bendi ya mtawala huyo: wanaume waliopuliza mabomba ya vipande vilivyochomekwa kimoja ndani ya kingine, wakienda na kurudi kwa mwendo wa ngoma, kisha wakacheza huku wangali wakipuliza. Wageni walikuta sanaa iliyokwisha komaa.

Ala za namna hiyo huitwa makondere, nazo zilijulikana pia Bunyoro, Buganda, Nkore na Rwanda. Aghalabu hutengenezwa kwa vipande vya vibuyu vilivyounganishwa. Wataalamu huziweka katika jamii ya tarumbeta, kwa kuwa ni midomo ya mpulizaji inayotetemeka; filimbi ya Waganda iitwayo endere ni ya jamii nyingine. Jambo kubwa ni hili: kila kondere hutoa sauti moja tu, au mbili. Wimbo hauwi wimbo mpaka kila mpulizaji aingize sauti yake mahali pake. Asipokuwepo mmoja, pengo husikika. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ushirika wa aina hiyo haukuweza kwenda bila taratibu. Katika Buganda, ambako habari zake zimeandikwa kwa wingi, utumishi wa muziki wa Kabaka ulishikwa na koo na vijiji maalumu. Wapigaji walipewa ardhi, na badala yake walikwenda ikulu kwa zamu. Mtoto alijifunza kwa kukaa karibu na baba yake au mjomba wake. Hivyo chama kilikuwa na wanachama, wajibu, malipo na warithi, ijapokuwa hakikuwa na daftari.

Lakini nguzo yake ilikuwa moja, nayo ni kiti cha mtawala. Rwanda iliondoa ufalme mwaka 1961. Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, ili raia wote wawe sawa. Huko Uganda, jeshi lilishambulia ikulu ya Kabaka mwezi Mei 1966, na mwaka uliofuata falme zote zikafutwa. Usawa wa raia ni jambo jema, wala hatuulilii utwana. Kosa letu ni kwamba tulipoondoa kiti hatukuuliza nani atarithi kondere. Watawala wa jadi waliporudishwa Uganda mwaka 1993, ilibidi kuwategemea wazee wachache waliokuwa bado wanakumbuka.

Tutazame sasa njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wapigaji wa ala zenye ulimi pacha, ambao ndio jamaa wa zumari yetu ya pwani, walianzisha huko Marekani chama cha kimataifa. Wanachama hulipa ada kila mwaka, huchagua viongozi, hupata jarida na hukutana katika mkutano. Chama hicho hakimtegemei mfalme wala tajiri mmoja. Kiongozi akifa, daftari hubaki. Mpigaji akizeeka, maandishi yake humfikia kijana asiyemjua.

Hatusemi kwamba tuige kila cha wageni. Wazee wa Karagwe na majirani zao walijua kuifanya kila sauti iwe ya lazima. Vyama vya leo vyajua kuuhifadhi ujuzi usife na mwenye nao. Tukiyaunganisha mawili hayo tutakuwa na chama kamili. Mwalimu, wapeleke wanafunzi wako kwa wazee, waulize majina ya ala, namna ya kuzichonga na zamu zilivyopangwa, kisha waandike. Kondere likinyamaza kizazi kimoja, kizazi kijacho hakitajua hata kwamba wimbo una pengo.