Njia ya Kurejea Mrima

Asimamaye ukingoni mwa Ziwa Babati wakati wa magharibi, viboko wakichomoza vichwa majini na mlima Kwaraa ukimezwa na giza, ni nadra kuikumbuka bahari. Pwani iko mbali, mamia ya kilomita upande wa mashariki. Hata hivyo, nchi hii ya Wagorowa, ambayo vitabu vya zamani viliiita Ufiome, ina fungu lake katika historia ya Pangani na ya Mrima mzima, na fungu hilo ni la marejeo zaidi kuliko la maondoko.

Safari za bara zimeandikwa sana kutoka upande wa kwenda. Tunasomewa ngoma za kuagana, bendera ya kiongozi, mizigo ya merikani, kaniki, ushanga na masango ya waya iliyopangwa tayari kwa alfajiri. Marejeo hupewa mistari michache, kana kwamba msafara ukishapata pembe hujirudisha wenyewe nyumbani. Kwa mke aliyebaki Pangani mambo yalikuwa kinyume. Siku ya kuondoka aliijua. Siku ya kurudi hakuijua mtu, na baina ya siku hizo mbili huenda ikapita masika moja, mbili, au zaidi.

Mfano mmoja wenye tarehe ni ule wa msafara wa Oscar Baumann, mwanajiografia wa Austria. Mtu huyu Pangani ilimjua vizuri: mwaka 1888, siku za vita vya Bushiri bin Salim, yeye na Hans Meyer walikamatwa na watu wa Bushiri, wakafunguliwa kwa fidia. Bushiri alinyongwa papo hapo Pangani Desemba 1889. Baumann akarudi tena, na mwanzoni mwa 1892 akaondoka Tanga kuelekea Umasai. Alipita Ziwa Manyara, akaingia Ngorongoro, akafika Rwanda na Burundi, kisha katika mkondo wa mwisho wa safari akapita pande za Iraqw, Ufiome na Irangi, akaikata nyika ya Wamasai na kuteremka Pangani Februari 1893. Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1894. Humo zimo ramani, vipimo na habari za njaa kuu iliyowapata Wamasai baada ya sotoka kuwamaliza ng'ombe wao. Wapagazi waliomfikisha huko na kumrudisha, sauti zao hazisikiki ila kwa nadra. Nao ndio waliokuwa wakirudi kwao; Baumann alikuwa akirudi bandarini tu.

Yafaa kuwaza walivyoiona Ufiome. Kwa mgeni, ilikuwa nchi ya kupima na kuchora. Kwa mtu wa Mrima, ilikuwa mahali ambapo njia imekwisha kugeuka na kila kambi inampunguzia siku. Lakini nyumbani hakukuwa na furaha tupu. Bidhaa za misafara aghalabu zilitolewa kwa mkopo na matajiri wa pwani, wengi wao Wahindi, na pembe iliyoingia mjini ilikuwa na mwenyewe kabla haijatuliwa chini. Muungwana aliyebeba mzigo wake mwenyewe kwa tamaa ya faida kidogo aliweza kurudi akiwa na deni kuliko alivyoondoka. Mtumwa aliyebeba mzigo wa bwana wake alirudi katika utumwa ule ule, ingawa safarini alikuwa amelala nje, amekula na wenzake sufuria moja, na ameonja namna fulani ya uhuru. Basi si ajabu kwamba wako waliokawia bara, wakaoa, wakalima, na Kiswahili chao kikabaki huko. Kuwaita watu hao waliopotea ni kuitazama historia kutoka barazani Pangani peke yake.

Wako pia waliorudi na mali isiyoweza kudaiwa na tajiri yeyote. Sadi bin Ahedi, mwenyeji wa Udigo, karibu na Gazi, alizijua njia za Umasai kwa miguu yake. Alipokuwa pwani alimsimulia mmisionari Thomas Wakefield kituo baada ya kituo, maji yalipo na yasipokuwepo, na masimulizi hayo yakachapishwa mwaka 1870 katika jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia mjini London. Wazungu walikuwa bado hawajazipita nyingi kati ya njia hizo. Ramani ilitoka katika kumbukumbu ya mtu aliyerudi, na kwa mara moja jina lake liliandikwa.

Kizazi kilichofuata kilisafiri kwa meli, na mlango wa nyumbani ukapata bawabu mwingine. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Kazi yake juu ya desturi za Waswahili, iliyotolewa na Carl Velten mwaka 1903, inaeleza miongoni mwa mengi jinsi watu wa pwani walivyosafiri kwenda bara. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani, wakapanda meli kurejea Afrika ya Mashariki. Meli ilifika Dar es Salaam. Wenye mamlaka ya kikoloni hawakukubali wawili hao waishi nchini kama mume na mke, nao wakarudi Ujerumani. Mpagazi wa Ufiome alizuiwa na njaa, kiu na deni. Mwalimu huyu alizuiwa na karatasi, akiwa amekwisha kuiona pwani kwa macho, Bagamoyo ikiwa mwendo mfupi tu kaskazini. Alifariki Berlin mwaka 1927.