Waya Mwembamba

Julai moja ya baridi, ukungu wa Mlima Meru ukiwa umeshuka hadi Ngarenaro, nilinusurika kuiunguza nyumba ya mama. Fyuzi ilikuwa ikikatika kila alipowasha jiko lake la koili. Kwa kiburi cha ujana niliitoa, nikafunga mahali pake waya mnene wa shaba. Wiki haikupita, mama akanusa plastiki inayoungua. Ukuta nyuma ya soketi ulikuwa mweusi, haushikiki kwa joto. Alichomoa jiko, wala hakunigombeza. Aliuliza tu: "Mwanangu, moto uliwashwa jikoni, ukutani umefikaje?"

Jibu nilikuja kulipata katika habari za James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia huko Salford, Uingereza. Mwaka 1840, akiwa na umri wa miaka 21, alizamisha waya wa umeme katika maji na kupima jinsi yalivyopata joto. Akagundua kwamba waya unaouzuia zaidi umeme usipite hutoa joto zaidi. Tena mkondo ukiongezwa mara 2, joto huongezeka mara 4. Ukiwa mara 3, joto huwa mara 9. Mwaka 1842 Emil Lenz, huko Urusi, naye alifikia jambo hilohilo.

Sheria hiyo inatugusa sote. Maji ya mito ya Meru huingia Kikuletwa na kufika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, yakazungusha mitambo ya umeme. Umeme wa masafa marefu husafirishwa kwa msongo mkubwa ili mkondo uwe mdogo, nguvu isiishie njiani kwa kupasha nyaya moto. Joto tunalitaka kwenye koili, ambayo imetengenezwa ili ihimili kuiva nyekundu.

Nyaya za ukutani kwetu zilikuwa nyembamba kwa mzigo wa jiko lile. Fyuzi ilijua. Ni kipande chembamba kuliko vyote, kimewekwa makusudi kiyeyuke kwanza ili nyumba ipone. Nami udhaifu ule niliuona kasoro.

Mama nilimweleza haya akiwa mzee. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe yule mdogo uliyemtupa ndiye aliyekuwa mlinzi wetu."